Keki ya Kuazimisha

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na sita, wakati wa kipupwe, tulipotimiza miaka hamsini ya ndoa. Mwanangu alitualika chakula cha mchana katika hoteli ambayo hata mlango wake ulifunguliwa na mtu aliyevaa glavu nyeupe. Niliingia nikiwa nimekunja ngumi ya kushoto.

Kidoleni nilivaa pete ya mdogo wangu. Yangu ilinipotea miezi miwili kabla, nilipokuwa nikifua, nami sikuwa na uso wa kumwambia mume wangu, nikawa namficha mkono. Kwa ajili ya pete ile aliuza baiskeli yake, akaenda kazini kwa miguu mwaka mzima. Mdogo wangu alikubali kuniazima yake, lakini mumewe, mtu anayekagua hata vifungo vya mkewe, angekuja kumchukua saa kumi.

"Dada, tabasamu basi," alininong'oneza mezani. "Umekaa kama msimamizi wa mtihani."

"Saa ngapi?"

"Saba na nusu. Kunywa supu."

Supu haikuwa na ladha kinywani mwangu, na kosa halikuwa la mpishi. Baada ya samaki tulihamia bustanini, kando ya bwawa la kuogelea, kwenye viti laini ambavyo mtu akikaa hainuki kwa urahisi. Watu waliagiza kahawa, wakamaliza, wakaagiza tena, kana kwamba hakuna aliyekuwa na kwao. Kidole changu kilikuwa kimeanza kuvimba.

Saa tisa na nusu wahudumu wawili walileta keki. Juu yake paliandikwa kwa sukari ya buluu: TUNAAZIMISHA MIAKA HAMSINI YA NDOA.

Mjukuu wangu, aliyewatumia hoteli maneno yale kwa simu, alijishika kichwa. Wote wakanigeukia. Nimefundisha sarufi miaka thelathini na mitano. Hakuna aliyewahi kusema "zahabu" mbele yangu akasalimika. Kuadhimisha ni kuitukuza siku. Kuazimisha ni kumpa mtu kitu ambacho atakirudisha. Ilinipasa kuuliza ni nani aliyetuazima miaka hiyo, na anakuja lini kuichukua. Badala yake niliiangalia sukari ya buluu.

"Ina rangi nzuri," nilisema.

Mwanangu aliweka kikombe chini. "Mama, unaumwa?"

"Bibi, hukuiona hiyo z?" mjukuu aliuliza.

"Nimeiona."

"Halafu?"

"Halafu kata keki."

"Subirini," alisema mume wangu. Alikuwa fundi saa kwa miaka arobaini, na macho yake hayapitwi na kitu kidogo. Alinishika mkono wa kushoto, akaikunjua ngumi. "Mwalimu, barua yangu ya kwanza ya mapenzi uliirudisha imesahihishwa kwa wino mwekundu. Leo z nzima inapita? Una nini?"

Mdogo wangu aliinamia kikombe kitupu.

"Keki imesema kweli," nilijibu. "Pete hii nimeiazima. Yangu imepotea."

Mume wangu aliusogeza mkono wangu karibu na macho yake.

"Tangu lini?"

"Miezi miwili."

"Miezi miwili unaosha vyombo, na sisikii pete ikigonga glasi. Nilidhani nakuwa kiziwi. Nimekwisha panga siku ya kwenda kwa daktari wa masikio!"

Mjukuu alicheka, akaona hakuna mwenzake, akaacha.

"Nimeumia," mume wangu aliendelea. "Si kwa sababu ya pete. Ni kwa sababu ya hiyo miezi miwili."

"Nimekukosea," nilisema, na sikuongeza neno, kwa kuwa sentensi ilikuwa imekamilika.

Simu ya mdogo wangu iliita. "Ameshafika getini! Dada, pete!"

Nilivuta, haikutoka. Nilivuta tena, ngozi ikajikunja. Mume wangu aliagiza siagi, akanipaka kidole, kisha akaizungusha pete taratibu, kama alivyokuwa akifungua saa za watu, mpaka ikamwangukia kiganjani. Alinikabidhi, lakini mkono wangu hakuuachia.

Niliifuta pete kwa kitambaa, nikaivisha kidoleni mwa mdogo wangu mbele ya wote.

"Asante kwa kuniazima," nilimwambia.

"Kwa z, Bibi?" mjukuu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kwa z."