Makabidhiano ya Wodi ya Watoto

Sista mkuu wa wodi ya watoto alikuwa mtu wa mbio. Alitembea mbio, alikula mbio, na wauguzi wake walimwita Kimbunga, ingawa si mbele yake. Alipojiandikisha kusoma mtandaoni cheti cha uzamili cha uongozi na ujifunzaji katika taasisi, mumewe alimuuliza muda ataupata wapi.

“Utapatikana,” alisema, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango.

Vipindi vilikuwa Jumamosi mchana. Alisomea kwenye meza ya chakula, na upande wa pili wa meza alikaa mama mkwe wake, mwalimu mkuu mstaafu, aliyekuja kutibiwa magoti akabaki pale kwa mwanawe. Mama huyo hakuwa msemaji sana. Alifuma sweta za wajukuu na kusikiliza.

Jumamosi moja mhadhiri alikuwa akieleza jinsi watu kazini wanavyoweza kujifunza kutokana na makosa yao. Akauliza swali, akakohoa kidogo, akalijibu mwenyewe. Akauliza la pili, akalijibu tena. Mama mkwe akatikisa kichwa.

“Huyu naye,” alisema, “anapika, anapakua, anakula mwenyewe.”

Sista akakurupuka kuzima kipaza sauti, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Darasa zima lilikuwa limesikia, na kila uso kwenye kioo cha kompyuta ulikuwa unacheka. Mhadhiri akavua miwani.

“Nani huyo aliyesema?”

“Mama mkwe wangu, Mwalimu. Tunaomba radhi.”

“Msiombe. Mwambie amenipata.” Kisha akauliza swali jingine, akanyamaza. Alinyamaza mpaka watu wakaanza kujikuna, na mwanafunzi mmoja ambaye hakuwahi kufungua kinywa tangu muhula uanze akajibu, tena vizuri.

Mwisho wa kipindi walipewa kazi. Kila mmoja atafute jambo kazini kwake ambalo wote wanajua haliendi sawa na hakuna anayelisema, akae na wenzake walirekebishe, kisha aandike walichojifunza. Sista hakuhitaji kutafuta mbali. Wodini kwake zamu inayotoka ilitakiwa kueleza inayoingia hali ya kila mtoto. Badala yake wauguzi walipishana mlangoni. “Shwari?” “Shwari.” Basi, imetoka hiyo. Majuzi tu mtoto mwenye homa alikosa dawa kwa sababu kila zamu ilidhani nyenzake imempa. Mtoto alipata nafuu, ila Sista alibaki na donge rohoni.

Aliwaita wauguzi, akawauliza tatizo ni nini. Wakatazama viatu vyao.

“Hakuna tatizo, Sista. Tutajitahidi.”

Alirudi nyumbani amenuna. Mama mkwe akaweka sindano za kufumia chini. “Uliwauliza vipi? Hebu niulize mimi, nifanye kuwa muuguzi wako.”

Sista akasimama, akatazama saa ya ukutani, akauliza.

“Hakuna tatizo, Sista,” alijibu mama mkwe kwa sauti nyororo, na Sista akacheka asipende. Lakini mama hakucheka. “Mwanangu, mtu akiniuliza kwa mguu mmoja ndani na mmoja nje, najua anataka jibu fupi. Nami hapa ndivyo unavyoniuliza. ‘Mama umekula?’ Kabla sijameza mate, umeshafika getini.”

Sista akavuta kiti, akakaa. Ilimuuma, kwa kuwa ilikuwa kweli.

“Basi niambie, Mama. Humu ndani, nini hakiendi sawa?”

Mama mkwe alichukua muda wake, na mara hii mkwewe alimngoja.

“Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ilishapita zamani, na jembe silioni. Kila kitu naletewa. Nimefundisha maisha yangu yote, halafu wajukuu zangu wanakwenda kwa jirani kufundishwa hesabu.”

“Tulidhani tunakupumzisha.”

“Nimepumzika mpaka nimechoka.”

Kesho yake wajukuu walianza masomo kwa bibi yao, wakilalamika kwamba jirani alikuwa na huruma zaidi.

Sista naye aliwaita tena wauguzi. Safari hii aliketi pamoja nao kwenye viti vya watoto, magoti yakimfika kidevuni. Aliwaambia kuhusu yule mtoto wa homa, kwamba hataki kumtafuta mkosaji, na kwamba yeye mwenyewe hajui la kufanya. Kisha akanyamaza. Ukimya ule ulimwasha kama upupu, lakini alijizuia.

Hatimaye muuguzi mmoja mrefu, waliyemwita Mlingoti, akasema, “Sista, ni basi la wafanyakazi. Linaondoka zamu inapoisha tu. Ukikaa kueleza, unaachwa.”

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na neno.

Sista akaomba basi lisubiri kidogo, akakataliwa. Wakaamua wenyewe kuanza makabidhiano mapema, kitanda hadi kitanda, wanaoingia wakija kabla ya zamu na kufidiwa siku nyingine. Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu tupu: watoto waliamka wakalia, wauguzi wawili wakagombana. Walikaa tena, wakapunguza sauti, wakawaruhusu kina mama kusikiliza na kuuliza. Taratibu jambo likashika njia. Yalikuwapo makosa yaliyobaki, lakini sasa yalisemwa.

Aliandika yote hayo, pamoja na vurugu. Alifaulu na kupata cheti chake, si kwa alama za kutisha. Mama mkwe alizikagua alama hizo na kutaka kumpigia mhadhiri simu, akazuiwa.

Muhula uliofuata Mlingoti alijiandikisha masomo yaleyale, akaja kwa Sista akiwa na wasiwasi kuhusu zamu zake za Jumamosi.

“Nitazishika mimi,” alisema Sista.

Ndivyo Jumamosi mchana ilivyomkuta wodini, ameketi ukingoni mwa kitanda kando ya muuguzi kijana wa zamu inayoingia, akimweleza kwamba mtoto huyu hapendi dawa ya maji, na kwamba jana usiku aliota akacheka.

“Una swali?” alimuuliza.

Yule kijana akafikiri. Sista akangoja.