Bi Povu Yuko Chini

Ngumi ya tumbo ina sauti yake, na ngumi ya taya ina yake. Ya tumbo hutoka chini, nzito na fupi, kama ya mtu anayetua gunia. Ya taya hukatika katikati, kwa sababu mpigaji ndiye anayeufunga mdomo. Mama alizijua zote mbili, na siku ya mwisho ya kurekodi alizitoa moja baada ya nyingine, amesimama peku mbele ya maikrofoni, maana viatu vyake vililia kila alipohamisha mguu.

"Sasa umetupwa kutoka ghorofani," fundi sauti alimwambia kutoka upande wa pili wa kioo.

"Ghorofa ya ngapi?"

"Kwani kuna tofauti, mama?"

"Ukitupwa kutoka ya chini unaanguka ukitukana. Ukitupwa kutoka ya juu unapata muda wa kuwakumbuka watu wako."

Fundi akaenda kuwauliza wachoraji, akarudi akasema ni ya katikati. Mama akaanguka kutoka ya katikati, akakumbuka mtu mmoja tu.

Gemu yenyewe iliitwa Uwanja Mmoja. Wahusika waliopendwa na watu kwa miaka mingi, kila mmoja kutoka kwao, walikusanywa humo ili wapigane. Alikuwemo Bi Povu wa tangazo la sabuni, na Panzi Domo wa katuni za watoto. Alikuwemo Nyanya Kitambaa, kikaragosi aliyefundisha kuhesabu kwenye televisheni. Na alikuwemo Dada wa Kituo, ambaye kabla ya hapo hakuwa na mwili, alikuwa sauti tu ya kutangaza mabasi yanayoondoka. Wachoraji walimpa mwili, sare ya buluu na sanduku la safari la kupigia watu. Mitaani watu walibishana nani angemtoa nani. Wachache sana walijua kwamba wote hao walikuwa koo moja. Mama ndiye aliyekuwa Bi Povu, ndiye aliyekuwa panzi, ndiye aliyewasihi abiria wasisahau mizigo yao. Bi Povu akimpiga Panzi teke, Mama alirekodi teke asubuhi, na maumivu ya teke hilo baada ya chakula cha mchana.

Kila chumba kina ukimya wake. Ukimya wa chumba kile ulikuwa mngurumo wa kiyoyozi, chini kwa chini, na mlio mwembamba wa taa. Kwa desturi ya mafundi wa pale, kazi ikiisha mwenye sauti hutoka, akifika mlangoni hugonga kioo mara mbili kumjulisha fundi kwamba chumba ni kitupu, na fundi hurekodi ukimya peke yake. Kisha mashine huutenga ukimya na sauti, na sauti hubaki safi kama sahani iliyofutwa.

Siku hiyo mkurugenzi wa kampuni ya gemu alikuwa na haraka ya kwenda kupigwa picha na wadhamini. Akagonga kioo mara mbili kwa pete yake ya dhahabu, kumhimiza fundi amalize. Fundi alikuwa ameinamia mitambo. Aliposikia, akabonyeza. Mama alikuwa bado ndani, naye ameinama, anafunga viatu.

Mashine ilifanya kazi yake. Sauti ilibaki upande wake, ndani ya mashine. Ukimya aliondoka nao Mama.

Nyumbani alikuwa na binti, msaga vioo katika duka la miwani. Mama alimwita Kokwa, kwa sababu utotoni alimeza kokwa la tende na nyumba nzima ikakesha ikilisubiri. Hakuna mtu mwingine aliyemwita hivyo, na yeye hakupenda mtu mwingine ajaribu.

Jioni ile Kokwa alimkuta jikoni.

"Umeshindaje, mama?"

Mama akafungua mdomo. Kikatoka kiyoyozi. Mngurumo ulijaa jikoni, kamba ya kiatu ikasikika ikipita kwenye tundu lake, kisha kioo kikagongwa mara mbili. Mama akafunga mdomo na kugeuza mboga zisiungue.

Kesho yake walikwenda kwa daktari wa koo. Alimmulika, akatazama kwa muda mrefu, akasema koo ni zima kabisa.

"Ila humu ndani kuna baridi," alisema, akafunga vifungo vya koti lake.

Baadaye gemu ikatoka na ikapendwa sana. Mpiganaji akiangushwa kwenye Uwanja Mmoja hulala kidogo kabla ya kuinuka, na kwa muda huo wa kulala fundi hakuwa ameweka neno lolote. Sauti ya Mama ilikuwa humo nzima, pamoja na yote ambayo ilikuwa haijayasema. Ikatumia nafasi hiyo.

Wa kwanza kuleta habari alikuwa fundi simu, ambaye kibanda chake kilipakana na duka la miwani. Alikuja akaegemea kaunta.

"Dada, mama yako ananisumbua."

"Amefanya nini?"

"Jana nimempiga Bi Povu mtama. Kalala chini, ananiuliza kama Kokwa amekula. Nikamwambia bibie, mimi sikai kwake. Akasema basi nenda kamwangalie, na ukirudi unyoe hizo ndevu."

"Ndiyo umekuja kuangalia?"

"Ndiyo. Umekula?"

"Nimekula."

"Haya, nitamfikishia. Ndevu sinyoi."

Kokwa akazima mashine ya kusagia, akafuta unga wa kioo vidoleni. Jioni hiyo alirudi nyumbani na gemu, akaiunganisha na televisheni, akampa Mama pedi moja ya kuchezea na yeye akashika nyingine. Mama akamchagua Bi Povu. Kokwa akamchagua Panzi. Walisimama uwanjani wakitazamana, taa za jukwaa zikiwamulika, na hakuna aliyesema kitu. Bi Povu alikung'uta sketi yake. Panzi alirukaruka mahali pamoja. Ilikuwa wazi kwamba wakiendelea hivyo hawatazungumza kamwe.

Kokwa akapiga. Bi Povu akaanguka chali.

"Kokwa, mwanangu," ilisema televisheni, kwa sauti ambayo nyumba ile ilikuwa imeikosa. "Kwa nini umekonda?"

Bi Povu akainuka, akanyamaza. Kando ya Kokwa, kwenye kochi, Mama alikuwa akimtazama akisubiri jibu.

"Sijakonda," alisema Kokwa, akapiga tena.

Tangu siku hiyo walikuwa wakizungumza kila jioni. Neno fupi lilihitaji kofi. Habari ya urefu wa kawaida ilihitaji kurushwa ukutani. Kokwa alipotaka kusikia tena jinsi baba yake alivyokwenda kuposa amevaa suruali ya kuazima, ilimbidi amsukume Nyanya Kitambaa kwenye ngazi, na ngazi ziende mpaka chini. Nyanya alisimulia vizuri. Walicheka wote wawili, Kokwa kwa sauti yake na Mama kwa kiyoyozi.

Lakini Kokwa alianza kufupisha maswali. Dukani akawa anakosea kingo za vioo, kwa kuwa vidole gumba vyake vilikuwa vimezoea kitu kingine. Wakati mwingine alimkuta Mama ameshakaa kwenye kochi kabla taa hazijawashwa, pedi mapajani, na Bi Povu amesimama peke yake kwenye skrini akikung'uta sketi, anangoja kupigwa.

"Leo tupumzike, mama," alisema siku moja.

Mama akamsogezea pedi ya pili.

Wateja nao walikuwa wakilalamika. Kuongea kwa wapiganaji hakukuwa tatizo lao. Tatizo lilikuwa kwamba wapiganaji hawakuinuka mpaka wamalize kuongea. Kuna bingwa mmoja aliyepoteza pambano kwa sababu Dada wa Kituo wake, akiwa kalala juu ya sanduku lake, alitaka kujua kama huko nje mvua inanyesha na kama nguo zimeanuliwa. Barua za malalamiko zikawa nyingi. Mkurugenzi akawaita Mama na Kokwa ofisini, na fundi sauti akaitwa pia, akakaa karibu na mlango.

"Mama, unatuharibia jina," alisema mkurugenzi. "Tulikulipa upige kelele. Hatukukulipa uwaulize watu wamekula nini."

Mama akafungua mdomo. Kiyoyozi cha ofisini kilikuwa kimezimwa, kwa hiyo chake kilisikika vizuri. Mngurumo, kamba ya kiatu, kisha kioo kikagongwa mara mbili kwa kitu kigumu, chepesi, cha dhahabu. Fundi akainua kichwa. Mkurugenzi akautia mkono wake wenye pete chini ya meza.

"Huo ni mlango wa jirani," alisema.

"Inawezekana kumrudishia?" Kokwa alimuuliza fundi.

"Nageuza pande tu, dada. Ukiweka maji ya chai jikoni, kabla hayajachemka nimemaliza. Ila nahitaji ruhusa."

"Ruhusa ipo," alisema mkurugenzi. "Siku ya mashindano makubwa aombe radhi kwa wateja, mbele za watu. Akisema hivyo tu, jioni yake anaondoka na sauti yake. Sioni ugumu."

Kokwa pia hakuona ugumu. Njia nzima ya kurudi alimshika Mama mkono na kumweleza itakavyokuwa. Atamsikia akiimba bafuni. Atamsikia akigombana na wauza nyanya. Hatalazimika tena kumpiga.

"Neno moja, mama. Tena la uongo. Uongo kwa bosi si dhambi."

Mama alitembea kimya, yaani alitembea mdomo umefungwa.

Ukumbi wa mashindano ulijaa. Skrini ilikuwa kubwa kama ukuta wa nyumba, na spika ziliwekwa pande zote. Mama alipewa kiti jukwaani na pedi mpya. Kwa kuwa asingeweza kusema mpaka aangushwe, mkurugenzi alimtafuta bingwa wa kumwangusha, lakini Kokwa akasema mama ni wake, atamwangusha mwenyewe. Mstari wa mbele fundi simu alikuwa akimenya karanga. Alikuwa amenyoa.

Mama akamchagua Bi Povu. Kokwa akampiga taratibu, kwa ngumi ndogo kabisa iliyopatikana, na Bi Povu akalala.

"Haya, mama," alisema mkurugenzi kwenye kipaza sauti. "Wateja wanakusikiliza."

"Nani aligonga kioo?" ilisema ukumbi mzima, kila spika kwa wakati wake.

Mkurugenzi akacheka. Watu wakacheka naye, kwa kuwa walidhani ni mtindo mpya wa mchezo. Kokwa alimtazama Mama, Mama akatazama skrini.

"Tena," alisema mkurugenzi.

Kokwa akapiga tena, safari hii kwa nguvu, na ilimuuma zaidi yeye.

"Nilikuwa nafunga viatu," alisema Bi Povu, shavu kwenye sakafu. "Nani aligonga kioo?"

Mkurugenzi akawaambia watu wapige makofi, wakapiga. Mabingwa wakaitwa, mashindano yakaendelea. Fundi sauti aliwasindikiza mpaka mlangoni, akasema pole, akarudi kazini.

Haukupita muda, kampuni ikatoa toleo jipya. Malalamiko yakaisha, kwa sababu muda wa kulala chini ulikuwa umepunguzwa. Sasa mpiganaji aliyeangushwa alikuwa na nafasi ya maneno mawili tu, kisha huinuliwa kwa nguvu, atake asitake. Mkurugenzi akamtumia Mama mwaliko wa kurekodi gemu nyingine. Mama akafunika nao sufuria ya maharage.

Jioni hiyo Kokwa alikaa kwenye kochi na hakuigusa pedi.

"Ungesema tu, mama," alisema. "Si kwa ajili yao, kwa ajili yangu. Sasa ningekuwa nakusikia ukiniita kutoka jikoni. Umeninyima hicho, na mimi ndiye ninayekupiga."

Mama akageuka. Akafungua mdomo, kiyoyozi kikanguruma kati yao, kioo kikagongwa mara mbili. Akaufunga. Akaichukua pedi ya pili na kuiweka mikononi mwa binti yake, kisha akavikunja vidole vya binti yake juu ya vifungo, kimoja kimoja.

Maneno mawili. Kokwa alijua ni yapi anayoyataka: jina lake, na mwanangu.

Akapiga. Bi Povu akaanguka, nywele zikamfunika uso, na kutoka chini akasema:

"Siombi radhi."