Taa Iliyokataa Kwenda

Diep alikuwa katika mwaka wake wa pili Japani, akifua mashuka ya hospitali kwenye mji mdogo wa milimani, mkoani Shimane. Alipanga chumba cha juu nyumbani kwa mjane aitwaye Sawa. Kwao ni Vietnam, mkoa wa Nghe An. Baada ya yeye kuondoka, mdogo wake wa kiume, Khai, naye alikwenda kutafuta maisha Ulaya. Alipanda mashua ya magendo, na tangu hapo hakuna simu wala salamu. Mama yao hakutaka kusikia habari ya msiba. Kila aliyeuliza alijibiwa kwamba Khai yuko kazini. Diep, huko ugenini, hakumwambia mtu kwamba aliwahi kuwa na ndugu.

Mwezi wa nane ukaingia na Bon yake, siku ambazo wafu hurudi makwao. Jioni ya kwanza Sawa aliwasha mabua langoni ili mumewe, marehemu Genzo, aione njia. Akapanga mbele ya madhabahu farasi wa tango na ng'ombe wa biringanya, vipando vya roho za wafu, akaweka bakuli la wali. Kisha akaweka la pili.

"Bibi, hilo jingine la nani?" Diep aliuliza.

"La mgeni wako."

"Mimi sina mgeni."

"Unaye. Kaingia nyuma ya mzee wangu, kasimama pale mlangoni, maji yanamchuruzika. Kijana tu. Anajivutavuta sikio, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake."

Sinia la vikombe alilobeba lilimponyoka Diep. Tangu utotoni, Khai alivuta sikio kila alipoona haya.

"Mdogo wangu hajafa!"

"Nani kasema kafa?" Sawa aliinama kuokota vikombe. "Mimi nimesema ana njaa."

Tangu jioni hiyo Diep hakutulia. Alisikia matone kwenye ujia wa nyumba, akaenda na tambara, akakuta mbao kavu na baridi kama barafu. Kazini, mashuka yaliyotoka mashineni yakifuka mvuke yalimnukia chumvi ya bahari. Wenzake waliyanusa wakasema yananuka sabuni.

Siku ya mwisho watu waliteremka mtoni kuwasindikiza wafu wao kwa taa za karatasi. Sawa alibeba mbili. Moja ilikuwa na jina la Genzo. Nyingine ilikuwa tupu, na alimpa Diep kalamu. Diep aliifungua kalamu, akaifunga, akaifungua tena. Mwishowe akaandika: Khai. Hakuongeza kitu.

Jirani yao, mzee Iwao, alisimama majini hadi magotini, akizipokea taa na kuzisukuma. Ya Genzo ilichukuliwa na mkondo mara moja.

"Angalia anavyokimbia!" Sawa alisema. "Hata kuaga hakuniaga. Ndivyo alivyokuwa."

Ya Khai ilikwenda hatua chache, ikazunguka, ikarudi dhidi ya mkondo hadi kwenye miguu ya Diep.

"Inakupenda hiyo, binti," Iwao alitania, akaisukuma tena. Ikarudi. Akaipeleka katikati ya mto kwa mwanzi mrefu. Taa za wafu wengine ziliipita pande zote, nayo ikarudi. Mama mmoja alimvuta mwanawe nyuma.

"Hendi," Sawa alisema polepole. "Huu si mto wa kwao. Mpigie mama yake."

Mama alipokea haraka. Diep alipotaja tu taa, akafoka:

"Mwanangu yuko kazini! Ukirudia hayo nakata simu!"

"Mama, amesimama mlangoni kwa watu. Amelowa. Hajui pa kwenda."

Simu haikukatika. Kisha, kwa sauti ndogo: "Amevaa nini?"

Diep alimgeukia Sawa, akamtafsiria swali.

"Sweta la kijani," Sawa alijibu. "Mkono mmoja mrefu kuliko mwingine."

Diep hakuwahi kuliona sweta hilo. Alirudia maneno kama alivyoyasikia, na simu ikajaa kilio.

"Nililifuma mimi," mama alisema. "Nilifuma usiku na mchana aondoke nalo. Nilikosea mkono, akacheka, akalivaa hivyo hivyo." Alivuta pumzi. "Nisogeze kwake."

Diep aliinama, akaishikilia simu juu ya maji, karibu na taa.

"Ti," mama aliita, jina la utotoni, kama anayemwita mtoto aliyechelewa kula. "Ti, mwanangu. Njoo nyumbani. Nimekuwekea wali."

Taa ikatikisika bila upepo. Ikageuka, ikashika mkondo, ikapita chini ya daraja. Iwao alivua kofia.

Wiki ile ile mama alimfanyia Khai matanga, akaweka picha yake kwenye madhabahu ya nyumbani. Sawa aliosha lile bakuli la pili na kulirudisha kabatini. Matone hayakusikika tena. Diep alilala vizuri siku kadhaa. Halafu akaanza kuamka alfajiri na kukaa ngazini peke yake, miguu juu ya mbao za ujia zilizokuwa zimepoteza ubaridi wake, akisikiliza.