Robo ya Mzunguko ya Kumpandisha Mama Mkwe

Jumanne mama mkwe wangu alishuka kusukuma gari langu. Hilo ndilo tatizo, na sina namna ya kulipamba.

Ilikuwa mlima Msindo, kona ya tisa. Gari ni la dizeli lenye turbo, la zamani kuliko ndoa yangu. Lilitoa moshi mweusi, likaguna, likasimama. Mke wangu Wema akashuka. Halafu nikasikia mlango wa nyuma tena, nikaona kwenye kioo khanga inafungwa kiunoni. Mama mkwe akaweka mabega yake kwenye gari, akasukuma. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye usukani kama bwana harusi. Gari halikupanda. Tulirudi kinyumenyume mpaka kona ya saba, ndipo nikapata pa kugeuzia.

Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni. Ukikutana naye unapisha, unatazama chini, unabana pumzi mpaka apite. Hata salamu yangu hupitia kwa Wema. Nasema, "Mwambie mama shikamoo." Wema anasema, "Mama, shikamoo yake hiyo." Mama anamjibu Wema, "Mwambie marahaba." Tumeishi hivyo miaka kumi na tisa na hatujagombana. Mtu wa namna hiyo ndiye nimemfanya asukume gari.

Leo Jumamosi anatakiwa kwake, juu mlimani. Wanaanua matanga ya kaka yake. Mvua imekula barabara, basi haliendi. Nisipomfikisha mimi, hafiki.

Fundi pampu wangu, Kaduma wa Makambako, alikuja Alhamisi. Alifunga geji ya joto la ekzosi kwenye dashibodi, akasema pampu inatoa mafuta kidogo mno, skrubu yake izungushwe robo.

"Robo. Ukizidisha, pistoni zinayeyuka," alisema. "Na mlimani macho yako yasitoke kwenye geji. Ikigusa mia saba, toa mguu."

Skrubu yenyewe hakuigusa. Alipaka alama ya rangi nyekundu, akasema atarudi Jumatatu na vipimo vyake. Nilimweleza kwamba Jumatatu ni baada ya Jumamosi. Alisema analijua hilo.

Nikalala na hayo. Usiku wa jana niliota ni mchana, boneti iko wazi, na pampu ya dizeli imekaa kwenye kiti cha muuza duka, kijiko mkononi.

"Unataka nini?" pampu ikaniuliza.

"Nguvu."

"Hapa hatutoi nguvu. Nagawa mafuta. Kijiko kimoja, silinda moja, zamu kwa zamu. Hakuna iliyowahi kulalamika."

Nyuma yake silinda nne zilikuwa zimepanga foleni na sahani za bati. Zote zilikuwa zinalalamika.

"Na hizi?"

"Hizi hazina tabu bondeni. Ukizipeleka mlimani zinajifanya zina njaa."

Niliiambia sina muda wa kubishana na kijiko. Nikatoa bisibisi. Pampu ikanionyesha skrubu, imefungwa kwa waya na kipande cha risasi, kama mita ya umeme.

"Ukikata hiyo, usiseme ni mimi," ikasema.

Nikakata. Nikazungusha robo.

Nyumba yangu nayo ikageuka robo. Barabara ikageuka robo. Kuku waliokuwa wanaelekea mashariki wakajikuta wanaelekea kusini, wakaendelea kutembea. Jirani yangu Mgaya akatoka nje na mswaki mdomoni.

"Mwalongo," akaniambia, "mlango wangu unatazama choo chako."

"Ni robo tu."

"Robo ya nani? Mimi sina gari."

"Nampandisha mama mkwe."

Mgaya akatema povu, akafikiri. "Yule aliyesukuma?"

"Ndiye."

"Basi acha ilivyo," akasema. "Nitatokea dirishani."

Silinda zikapewa vijiko vilivyojaa. Badala ya kushukuru zikaanza kukohoa moshi mweusi. Hapo turbo akatoa kichwa. Mafundi husema turbo ana umbo la konokono. Huyu alikuwa konokono kabisa, wa chuma, ana pembe mbili na kutu mgongoni.

"Umeongeza chakula," akasema taratibu. "Hewa iko wapi?"

"Hewa si kazi yako?"

Akanyamaza kama dakika nne. Nikadhani amekufa.

"Ni kazi yangu," akasema.

"Mbona unachelewa kujibu?"

"Mimi ni konokono. Nikishaanza nazunguka mara laki moja kwa dakika, hunikamati. Ila kuanza ndiko kwenye kazi. Kaniletee hewa nzito. Ya mlimani ni nyepesi, hainishibishi."

Niligeuka kuchukua ndoo, nikajikuta gulioni. Kati ya wauza nyanya na wauza viatu vya mitumba alikaa mama mmoja anauza hewa kwa debe. Madebe yalionekana matupu, lakini mbele yake palikuwa na watu wengi.

"Hii ya bondeni, nzito, imelala," akaniambia. "Hii ya Msindo sikushauri. Unabeba debe, unafika na nusu."

"Nipe ya bondeni. Magunia matatu."

"Lete pumzi."

"Pumzi gani?"

"Ulizobana." Alinitazama kama mteja asiyejua bei ya chumvi. "Unapishana na mama mkwe, unabana pumzi. Ulidhani zinakwenda wapi?"

Sikuwahi kulifikiria. Nikafungua kifua kama mtu anavyofungua mfuko wa shati. Zilikuwemo zote. Ya mlangoni kanisani. Ya jikoni siku ya Krismasi, nilipofuata chumvi nikamkuta. Ya hospitali, Wema alipojifungua mtoto wetu Atu na mama mkwe akatoka wodini ghafla. Na moja ndefu sana, ya Jumanne. Yule mama akazipima zote. Zikatosha magunia matatu, akanirudishia kikombe kimoja.

"Ulikuwa unatembea na mzigo wote huu kwa ajili gani?"

"Heshima."

"Nzito," akasema, akafunga magunia kwa kamba.

Sasa naendesha. Sikumbuki kuingia kwenye gari. Ni asubuhi, niko Msindo, magunia yako juu ya keria na mpira wa hewa unatoka humo kuingia kwa konokono. Konokono anapiga mluzi mwembamba. Gari linapanda kama limesahau umri wake.

Kwenye kiti cha nyuma amekaa moshi mweusi. Amevaa koti, mikono ameiweka magotini.

"Wewe nani?" namuuliza.

"Mimi ni mafuta yaliyokosa hewa," anasema. "Huwa nashuka kona ya tisa. Nishuke nisukume?"

"Kaa. Leo hashuki mtu."

Natazama geji. Pale inapokaa sindano yupo mama mkwe. Ni uso wake, mdogo kama kifuniko cha chupa, na kilemba chake cha kijani. Mara moja natazama chini, kwenye pedali. Gari linaingia mtaroni, linatoka.

"Macho kwenye geji," inasema sauti ya Kaduma, kutoka kwenye kisahani cha majivu ya sigara.

"Geji ni mama mkwe wangu."

"Hilo si la fundi," anasema, na kisahani kinajifunga.

Nikimtazama, nimemvunjia heshima. Nisipomtazama, pistoni zinayeyuka, gari linasimama, na anashuka kusukuma mara ya pili. Kona ya kumi inakuja.

Nafanya ninavyofanya siku zote. Natafuta wa kupitisha maneno.

"Mwambie mama shikamoo," namwambia moshi. "Halafu muulize joto."

Moshi anainama mbele. "Mama, shikamoo yake hiyo. Anauliza joto."

"Mwambie marahaba. Mia tano na tisini."

"Marahaba. Mia tano na tisini," ananiambia moshi.

Nakanyaga. Tunakwenda hivyo, mimi kwa moshi, moshi kwa mama, mama kwa moshi, moshi kwangu, mpaka kona ya kumi na nane. Ila sauti ya moshi inazidi kupungua. Namtazama kwenye kioo, naona kitambaa cha kiti kupitia tumbo lake.

"Una nini?"

"Hewa imetosha," anasema. "Mafuta yanaungua yote. Yakiungua yote, mimi sipo. Si ndicho ulichotaka?"

"Ngoja kwanza tufike juu."

"Moshi hatoki kwa ajili ya mazungumzo, kaka," anasema, na hayupo. Koti limebaki kwenye kiti.

Kona ya kumi na tisa. Mluzi wa konokono nausikia kwenye meno. Chini ya boneti silinda moja imeanza kuimba kwa sauti nisiyoijua. Ndani ya gari tumebaki mimi na yeye.

Natazama barabara. Nafungua mdomo.

"Mama," nasema. "Shikamoo."

Kona ya ishirini inapita.

"Marahaba." Sauti yake ni nene kuliko inavyokuwa ikipitia kwa Wema. "Mia sita na arobaini. Kanyaga."

Nakanyaga.

"Mia sita na sabini. Legeza kidogo. Hapo hapo. Nimekaa kwenye kigeji hiki tangu Alhamisi, hakuna aliyeniuliza kitu."

"Naogopa kukutazama, mama."

"Nani amekwambia unitazame? Tazama barabara. Mwiko uko machoni, masikio yako yana nini? Haya, kanyaga."

Tunapanda. Yeye anataja namba, mimi nasogeza mguu. Ile silinda iliyokuwa inaimba inanyamaza. Kwenye kona ya ishirini na nne nalitoa lililoko rohoni.

"Mama, ile Jumanne, nisamehe."

"Ya nini?"

"Ulishuka ukasukuma."

"Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi. Saa mbili nzima goti limebanwa na tairi la akiba, Wema amenilalia begani, sina wa kumwambia. Gari liliposimama nilimshukuru Mungu. Nilisukuma kwa sababu nilikuwa nimeshashuka."

Hilo sikulitegemea. Siku nne sijala vizuri kwa ajili ya goti.

"Mbele kulikuwa na nafasi," nasema.

"Naijua. Ilikuwa imekaliwa na spana zako."

Konokono anacheka, akiwa amechelewa kona mbili.

Kona ya thelathini na moja tunaipita kwa gia ya tatu. Mbele naona mapaa ya bati na watu kwenye mikeka. Wanageuza vichwa kutazama ni gari gani hilo lisilotoa moshi. Mwanamke mmoja anasimama na kupunga mkono, nami nakunja usukani kuingia uani kwao.

Nikaamka. Jua lilikuwa limetoka. Mikono yangu ilinuka dizeli, lakini mikono yangu hunuka dizeli siku zote, huo si ushahidi. Kucha ya dole gumba la kulia ilikuwa imepasuka. Hata hilo hutokea. Nikatoka nje kufungua boneti. Waya wa skrubu ulikuwa umekatwa, na alama nyekundu ya Kaduma ilikuwa imesogea robo. Nikajiambia pengine nilitembea usingizini. Babu yangu alikuwa na ugonjwa huo.

Nilipofunga boneti nikamwona mama mkwe. Alisimama upande wa pili wa gari na mzigo wake, amenipa mgongo. Wema alikuwa bado ndani anavaa. Nikatazama chini.

"Kona ya ishirini na sita ilifika mia sita tisini na nane," akasema. Aliuambia mlango wa gari, kwa ile sauti nene. "Nilinyamaza nisikutishe. Leo pale ulegeze mapema."

"Sawa, mama," nikasema.

Akafungua mlango wa mbele, akapanda, akanyoosha miguu.

Nikawasha gari, nikasikiliza, nikahesabu. Robo ile imenigharimu waya nusu shibiri, kipande kimoja cha risasi, kucha moja, na nusu ya mwiko. Nusu ya pili, ile ya macho, bado ninayo.