Swali la Jumamosi

Kila Jumamosi asubuhi nilisimama mbele ya meza ya bwana administrata, mzungu aliyetawala wilaya, hapa Kindu, nijibu swali lile lile. Karani Sudi, mzaliwa wa mjini, ndiye aliyelitafsiri.

"Bwana anauliza: ile dini ya Kitawala ingali iko mu roho yako?"

"Iko."

"Basi haurudi kwenu."

Miaka minne! Walinileta kutoka Lubutu baada ya uasi wa 1944, na sikusingiziwa. Niliamini Mungu ametuamuru kuwafukuza wazungu na vibaraka wao, nikampiga kwa panga kapita aliyesimamia kazi ya barabara. Hakufa, ila nilimwona akihangaika kujifunga mkanda kwa mkono mmoja, nikajua sitampiga mtu tena. Imani sikuiacha. Bado naamini Mungu atatutoa. Nilichoacha ni kumsaidia kwa panga. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Baada ya swali, bwana huyo huyo alinipa panga nikakate nyasi nyumbani kwake. Lilikuwa kali, nililinoa mwenyewe. Madamu, mke wa bwana, alisinzia barazani, hatua tatu kutoka kwangu, mdomo wazi. Upumbavu gani huu? Panga walinikabidhi, njia ya kwetu wakaninyima.

Mwenzangu wa pekee alikuwa Bruno, wa dini moja nami, aliyehamishwa kama mimi. Siku moja akamwambia bwana kwamba ameacha dini, wakampa karatasi ya kurudi kwao, akapanda lori. Nikabaki kupika muhogo wa mtu mmoja na kuzungumza peke yangu, hadi sauti yangu ikanichosha.

Kisha mchuuzi mmoja akaniletea neno la mke wangu, Adolphine: "Mupunga ukivunwa kama haujarudi, wakubwa watanioza kwa mutu mwingine."

Nililia sana. Jumamosi nikamkana Mungu wangu.

"Haiko tena mu roho, bwana."

Sudi hakutafsiri. Alinitazama kwa huruma.

"Ndugu yangu, umechelewa. Bruno alisema vile vile. Juma lililopita alichoma nyumba ya kapita wa kwao, na watu ndani. Ile neno, bwana hataki tena kuisikia."

"Lakini mimi sijagusa mutu miaka minne! Mwulize madamu!"

Sudi akatafsiri. Bwana hakuinua hata kichwa. Alinyoosha mkono nyuma ya kiti chake, akatoa panga, akanipa.

Nikaenda kukata nyasi. Huko Lubutu mpunga ulikuwa umeanza kuvunwa.