Kasha Lililozikwa Mbele ya Jukwaa la Bendi

Shimo la tatu lilitoa kipande cha bomba lenye kutu na chupa tupu ya bia. Nikamwashiria mchimbaji azime mtambo.

"Mzee Ames, huu si uwanja wa mahakama tena, ni shamba la viazi," alisema Meya Pavlik, akiruka tope kwa viatu vyake vya ofisini. "Jumamosi watu wanakuja na watoto wao kuona kasha likifunguliwa. Niwaonyeshe nini? Wewe?"

Katika shule ya bweni niliyosomea, ile ya mlimani ambayo siku hizi ni ghala la matairi, tulifunzwa kutojibu mzaha kabla kazi haijakwisha. Nami ndiye mwenyekiti wa chama cha historia cha mji wetu wa Brackett, chama ambacho wanachama wake walio hai wanaenea katika gari moja.

Mwaka mji ulipotimiza karne, wanaume wa Brackett walipigwa marufuku kunyoa ndevu kiangazi kizima, ili wafanane na waasisi wa mji. Walifanya gwaride, kisha wakazika kasha la shaba lililojaa kumbukumbu zao katika uwanja wa mahakama, mbele ya jukwaa la bendi, na juu yake wakaweka jiwe lililoagiza kwamba kasha lifunguliwe baada ya miaka sitini. Miaka imetimia. Tulichimba chini ya jiwe, hatukukuta kitu. Ndipo nilipobaini kwamba jukwaa lilipobomolewa, akina mama wa chama cha bustani walilihamishia jiwe karibu na mlingoti wa bendera, kwa kuwa lilipendeza zaidi katikati ya mawaridi. Jiwe lilihama, kasha likabaki. Na jukwaa lilisimama wapi hasa? Kila niliyemwuliza alinyoosha kidole upande wake. Mji huu umebomoa kituo cha reli, kiwanda cha vioo na hoteli iliyokuwa na ngazi za marumaru, na kila mara umepanda nyasi juu ya kifusi, ukasahau. Nimechoka kuukumbusha.

Haya yote ningeyavumilia, kama si Bi Wilma Stutzman. Yeye alitia katika kasha picha ya kaka yake Verlin, aliyeuawa vitani Korea. Wakati ule picha zilikuwa nyingi nyumbani kwao. Baadaye mto ulifurika, ukazibeba zote pamoja na kabati. Sasa kisukari kinamla macho, na daktari amemwambia asitarajie kuona baada ya majira ya baridi. Kila asubuhi alinipigia simu na kuuliza, "Mmemfikia?"

Nilikwenda kwake kumwuliza kuhusu jukwaa.

"Kulikuwa na ramani," alisema. "Clyde Huffer aliichora kwa wino wa rangi mbili. Ilikuwa nzuri, jamani!"

"Iko wapi?"

"Si waliiweka ndani ya kasha hilohilo!" Alicheka hadi akakohoa. "Usinikazie macho hivyo, Thurston Ames. Wanaume walikuwa na ndevu hadi kifuani na bia hadi shingoni. Nani angewaambia kitu?"

Nilirudi kwa meya na habari hiyo. Hakucheka. Alifunga mlango wa ofisi.

"Nimepata kasha la shaba," alisema. "Tukilipaka siki litazeeka kabla ya Jumamosi. Tutatia magazeti ya zamani, kofia, wembe wa kizamani. Watu watapiga makofi, tutakula soseji, mambo kwisha."

"Na picha ya Bi Wilma?"

"Duka la vitu vikuukuu lina sanduku zima la picha za vijana waliovaa sare. Hii hapa. Mama wa watu haoni vizuri, Mzee. Atalia, atafurahi. Nani anaumia?"

"Huyo kijana naye alikuwa na mama yake."

"Mzee Ames, shule yenu ilifungwa zamani. Hakuna anayekupa alama."

Nilimwambia kwamba kasha hilo likifunguliwa, nitashika kipaza sauti na kusema mbele ya watu wote ni kitu gani. Alinijua, hakubishana. Jumamosi mji ulikula soseji bila kasha, na watoto wakarusha kokoto katika mashimo.

Jioni hiyo nilikwenda kwa Bi Wilma. Nilimweleza yote, hata mpango wa meya, kwa maana ukweli nusu sikufunzwa kuuhesabu kuwa ukweli. Alisikiliza huku akizungusha kikombe cha kahawa.

"Huyo kijana wa picha," aliuliza, "alikuwa mzuri?"

"Sikumtazama."

"Ungeniachia, Thurston. Ningemshika mkononi hadi baridi iishe."

"Asingekuwa Verlin."

"Najua asingekuwa Verlin! Unadhani mimi mjinga?" Alipiga meza, kahawa ikamwagika. "Ninyi watoto wa mlimani mna mikono safi, na sisi ndio wa kukaa gizani."

Nilisimama kuchukua kofia yangu.

"Kaa. Umeninyima, basi utanisikiliza."

Nikakaa. Alianza. Verlin alivunja jino kwenye bembea ya kanisa. Alipiga mluzi akikamua ng'ombe, wimbo uleule, ng'ombe wakamchukia. Mikono yake ilinuka grisi hata siku ya ibada. Alipocheka aliinamisha kichwa, kana kwamba anaona haya.

"Na uso," alisema. "Uso wake ulikuwa..."

Alifumba macho.

"Hauji," alisema.

Nikavua koti, nikafuta kahawa mezani. "Anzia kwenye bembea," nilimwambia. "Niambie ilikuwa upande gani wa kanisa."