Palizi ya Mwanjiso

Jumamosi asubuhi Atuganile alibandika maharage, akachochea mkaa, akafuta meza ya chakula na kuweka laptop yake upande usio na maji. Nje ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mtaa wa Mwanjiso, kule kilimani juu ya Uyole, Mbeya, na kuku wa jirani walisikika tu bila kuonekana. Aliandika amri moja, akabonyeza, kazi ikaanza.

Kazi yenyewe ilikuwa kujenga kompaila. Kompaila ni programu inayochukua maneno aliyoandika mtu na kuyageuza yawe kitu ambacho mashine inaweza kukitenda. Pasipo hiyo, wanaoandika programu wangekuwa wanampigia mbuzi gitaa. Hii ilikuwa mpya, haijatoka rasmi. Wenyewe, watu waliotawanyika duniani ambao Atuganile hajawahi kuwaona hata kwa picha, walikuwa wameomba wa kujitolea waichukue ikiwa bado msimbo mtupu, waijenge kwenye mashine zao, waipime, kisha waseme ilipokosea. Kitu cha namna hiyo hujengwa mara tatu. Kompaila ya zamani huijenga mpya. Mpya hujijenga yenyewe. Na hiyo iliyozaliwa hujijenga tena. Zile mbili za mwisho zikilingana pasipo tofauti hata chembe, mtu anaweza kwenda kunywa chai.

Toleo hili lilikuja na jambo moja geni, na Atuganile na Didas, mwenzake wa kujitolea aliyekaa Kihesa kule Iringa, walilipa jina la palizi. Kompaila ilipekua kila kilichotangazwa kuwapo na kuuliza nani anakiita. Kisichoitwa na yeyote kiling'olewa. Sharti lilikuwa moja, kwamba kikishaondoka, matokeo yabaki yaleyale.

Wakati ujenzi wa kwanza ukiendelea, Atuganile alimimina uji kwenye kikombe cha bati, akaupeleka baraza ya nyuma, akauweka juu ya stuli, akakohoa na kurudi ndani pasipo kugeuza shingo. Baada ya kitambo kiti kikalia na mtu akasikika akipuliza uji. Huyo alikuwa baba mkwe wake.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke hamtazami baba wa mumewe usoni, hampi kitu mkono kwa mkono, na jina lake halitamki hata kwenye usingizi. Siku hizi wengi wameyaacha hayo, wanapiga picha pamoja harusini wakiwa wameshikana mabega. Lakini mzee huyu aliteremka kutoka milima ya Rungwe na heshima yake nzima, kama alivyokabidhiwa na baba yake, na Atuganile alilelewa na bibi aliyeamini kwamba adabu haina likizo. Kwa hiyo tangu mzee afiwe na mkewe na kuja kuishi nao, nyumba iliendeshwa kwa kikohozi. Aliyezungumza na pande zote mbili ni mumewe Ipyana, dereva wa lori la Zambia, na Ipyana alionekana nyumbani kwa nadra. Mtaa ulimwita mzee Baba Ipyana. Aliketi barazani kuanzia uji hadi ugali, na hakuna aliyemtuma wala kumuuliza lolote. Aliheshimiwa mno.

Ujenzi wa kwanza ulipokwisha, blenda waliyozawadiwa harusini haikuwapo tena juu ya kabati. Glasi za wageni nazo hazikuwapo, zile ambazo wageni wenyewe walinyimwa, wala tai nyekundu ya Ipyana. Vumbi lilibaki limezunguka mahali blenda iliposimama. Atuganile alilifuta, kisha akampigia Didas.

"Kamwene, Didas."

"Kamwene, dada. Yako imefika wapi?"

"Ya kwanza imeisha. Imeng'oa blenda na glasi."

"Kwangu imechukua mashine ya mazoezi," alisema Didas. "Na lile gitaa. Sebule imepanuka, mke wangu Anjela anaimba tu huko."

"Sasa tuandike kwamba ni kosa?"

"Gitaa langu uliwahi kulisikia?"

"Sijawahi."

"Basi matokeo ni yaleyale. Siyo kosa hilo."

Ujenzi wa pili ulianza maharage yakiwa bado magumu, na huo ulitoka nje ya nyumba. Uliondoa sanduku la maoni lililotundikwa kwenye ofisi ya mtaa. Uliondoa bomba la mradi ambalo tangu lifungwe halijawahi kutoa hata tone. Uliondoa pia kamati ya usafi. Wajumbe wake walisalimika, maana kila mmoja alikuwa na mtu wa kumwita nyumbani kwake, ila kamati yenyewe hawakuiona tena, wakaendelea na shughuli zao kama siku zote.

Sabina alipiga hodi mlango wa jikoni, mkono mmoja kiunoni. Alikuwa jirani, na mimba yake ilikuwa imefika mwezi wake.

"Dada Atu, zahanati haipo."

"Imeondoka yote?"

"Yote, mpaka msingi. Mbuzi wa mwenyekiti wanakula majani pale."

Zahanati ya Mwanjiso ilijengwa vizuri, haina ubishi. Ilipakwa rangi ya bluu chini na nyeupe juu, utepe ukakatwa, ngoma zikapigwa, pilau likaliwa, na jioni ileile ikafungwa kwa kufuli. Ilikuwa inamsubiri muuguzi. Muuguzi alikuwa anasubiri vitanda, na vitanda vilikuwa vinasubiri saini ya mtu aliyekuwa safarini. Wajawazito wa mtaa walipita mbele ya lango lake ndani ya bajaji, wakiteremka kwenda kutafuta hospitali huko chini. Mama mmoja hakufika, akajifungua akiwa ameegemea ukuta wa zahanati, upande wa nje.

"Na funguo?" Atuganile aliuliza.

"Funguo anazo bado mwenyekiti Edmund. Si ndizo anafungulia soda?"

"Watu wanasemaje?"

"Wanasema njia imekuwa fupi. Unakatiza pale, unaibukia barabarani." Sabina alijivuta, akapumua. "Ngoja na mie nikatize, niende gengeni."

Alipoondoka, Atuganile alibaki amesimama na mwiko mkononi. Jambo lile lilimchoma. Hakuchomwa na kuondoka kwa jengo. Kilichomchoma ni kwamba mashine ilikuwa imepima kwa haki kabisa, ikaondoa zahanati nzima, ikalinganisha kabla na baada, na haikuona tofauti.

Ujenzi wa tatu ulikwisha kuanza alipokwenda kuchukua kikombe. Alitembea kama kawaida yake, macho chini, na kwa sababu macho yalikuwa chini ndiyo maana alikuwa wa kwanza kuona. Saruji ya baraza ilikuwa na ufa mrefu. Ufa ule ulifika kwenye mguu wa mzee, na badala ya kujificha chini yake uliendelea kuonekana ndani ya mguu wenyewe, ukapita kisigino, ukatokea ng'ambo. Mzee alikuwa akijikuna goti. Hakuwa na habari.

Atuganile alirudi ndani upesi, akapiga simu.

"Didas, ujenzi wa tatu umefika kwa baba mkwe. Anaonekana mpaka upande wa pili."

"Usiikatishe, dada! Juzi mimi niliikatisha katikati, baiskeli ikabaki na gurudumu moja hadi leo."

"Sasa nifanye nini? Niambie."

"Aitwe. Aitwe kwa jina lake, apewe kazi, na hicho atakachotoa kitumike. Salamu peke yake haitoshi, nilijaribu kwa baiskeli."

Atuganile alimpigia Ipyana. Simu ya Ipyana ilikuwa haipatikani. Hiyo ilikuwa ndiyo desturi yake akiwa foleni ya mpakani. Akamrudia Didas.

"Huyo mzee wanamwitaje hapo mtaani?"

"Baba Ipyana."

"Hapo anayeitwa ni Ipyana. Jina lake hasa nani? Weka spika, nimwite mie."

Atuganile alifungua kinywa. Jina alilijua, lilikuwa kwenye kadi ya harusi yake kwa maandishi ya dhahabu, lakini lilifika kwenye meno na kugoma.

"Siwezi kulitaja, Didas."

"Niandikie basi, nitalisoma. Ila hata nikimwita, nikiwa huku Iringa nitamtuma kazi gani? Ni wewe, dada. Hapo pana wewe tu."

Alikata simu. Mistari ilikuwa ikikimbia kwenye kioo cha laptop, na aliijua vya kutosha kujua kwamba haikuwa imebaki mingi. Akaenda hadi mlango wa baraza, akakohoa. Kiti hakikulia. Akakohoa tena kwa nguvu, kikohozi cha mtu mwenye kifua kibovu, na kwa pembe ya jicho akaona viatu vya mzee vimekaa wima, na ndani yake hamna kitu cha kutajika.

Hofu ilimshika, hofu ya kweli. Alifikiria atakachomwambia Ipyana. Akamfikiria bibi yake, aliyemfunza kuinamisha macho tangu hajaota meno ya pili. Bibi alimfundisha mengi kuhusu adabu, lakini hakuwahi kusema kwamba adabu ni bora kuliko mtu. Harufu ya maharage ilikuwa imejaa nyumba. Atuganile alichota kijiko, akageukia baraza.

"Gideoni!"

Lilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Kuku wa jirani wakanyamaza.

"Naam?" kikajibu kiti.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Njoo unionjee chumvi."

Viatu vilisogea, vikaja taratibu vikiburuza, vikasimama kwenye kizingiti. Atuganile alinyoosha kijiko, mkono kwa mkono. Mzee alikipokea kwa vidole ambavyo ukuta wa jikoni ulionekana kupitia kwavyo, akapuliza, akaonja, akatafuna kwa makini kama mtu aliyeombwa kuamua kesi ya shamba.

"Imepungua," akasema.

Atuganile akatia chumvi, akakoroga, akampa tena.

"Bado. Imepungua tangu siku niliyohamia hapa."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani?"

Atuganile akaongeza chumvi, ikamwagika kidogo jikoni na mkaa ukalia. Mzee akaonja mara nyingine, akafumba macho.

"Ena. Hapo sasa."

Atuganile akatazama chini. Miguu ilikuwa miguu. Ilikuwa na kucha moja iliyopasuka na vumbi kwenye magaga, na kizingiti hakikuonekana ndani yake hata kidogo. Akapandisha macho hadi gotini, hadi kifuani, na mwishowe usoni, ambako alikuwa hajawahi kufika. Alikuta uso wa Ipyana uliozeeka, wenye punje ya haragwe kwenye ndevu. Aliketi juu ya gunia la mkaa, akacheka huku analia, na mzee akasubiri amalize, kijiko mkononi.

Siku hiyo walikula meza moja, laptop ikiwa kati yao. Mzee aliuliza mashine ile inapika nini muda wote huo.

"Inajijenga."

"Yenyewe?"

"Yenyewe."

"Ndaga," alisema Gideoni, kwa namna ya mtu anayempongeza fundi, akajiongezea maharage.

Kabla ya giza ujenzi wa tatu ulikamilika. Kompaila ya pili na ya tatu zililingana. Vipimo vyote vilipita, chungu nzima, hakuna hata kimoja kilichoanguka. Atuganile aliwaandikia wenyewe kwamba imejengeka Mbeya salama na kwamba palizi inafanya kazi kama ilivyokusudiwa. Didas aliandika hivyohivyo kutoka Iringa. Wenyewe walishukuru.

Wiki iliyofuata uchungu ulimshika Sabina. Bajaji ilikatiza pale ilipokuwa zahanati, ikawapita mbuzi, ikaibukia barabarani, na kwa njia hiyo fupi akafika hospitali ya huko chini mapema kuliko mwanamke yeyote wa Mwanjiso kabla yake. Alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Mtaa mzima ulishusha pumzi. Wapo waliosema wazi kwamba zahanati haijawahi kuwasaidia kama ilivyowasaidia siku hiyo.

Huko juu serikalini haikujulikana kwamba imeondoka. Takwimu ziliendelea kuihesabu kuwa inatoa huduma, na mvua za kwanza zilipoanza, ujumbe ulikuja kuizindua kwa awamu ya pili. Utepe ulifungwa kwenye miti miwili iliyochimbiwa jana yake. Mgeni rasmi aliukata, akapita kati ya miti, akatokea upande wa pili penye mbuzi, watu wakapiga makofi. Mwenyekiti Edmund alimkabidhi funguo. Mgeni rasmi aliziinua kwa ajili ya picha, kisha akafungulia soda yake.

Wazee walikuwa wameketishwa mbele, kwenye viti vya plastiki. Pembeni, akina mama walikuwa wanapika pilau la wageni, Sabina akiwa na mwanawe mgongoni.

"Baba Ipyana!" aliita mmoja wao. Mzee hakugeuka.

"Gideoni," aliita Atuganile.

"Naam?"

"Njoo uonje."

Alikuja, akachota, akatafuna polepole akiangalia utepe, miti miwili, na uwanja mtupu uliokuwa nyuma yake.

"Imepungua," akasema.

Wakaongeza chumvi.